Feni Inazunguka, Gari Linachemsha: Uchambuzi wa Kisa cha Corolla 100

Gari lenyewe ni Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, ile ambayo mtaani tunaiita Corolla 100, yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,498. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari anayeishi Morogoro. Nilipoitwa kulitazama lilikuwa limeshapita gereji tatu za Dar es Salaam, na ya tatu ilikuwa imetoa hukumu: gasketi ya hedi (kizibo kilicho kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) imeungua, injini ifunguliwe, hedi ipelekwe kwa mashine ikasawazishwe. Mwalimu alikuwa ameshaanza kukopa. Gari liliachwa uani kwa ndugu yake Tabata, yeye akarudi kazini kwa treni ya SGR, akaja tena mwisho wa wiki ili tulikague pamoja.

Hedi haikufunguliwa. Tatizo lilikuwa kitu kidogo cha shaba kinachoenea kiganjani, tena kitu kizima kabisa, kisichokuwa na ubovu wowote. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila fundi aliyeligusa gari hilo alifanya jambo ambalo peke yake lina mantiki. Waliuliza gari lina nini. Hakuna aliyekaa kitako akauliza linachemsha lini, na huku mwenye gari alikuwa akilieleza jambo hilo kila alikopita.

Maelezo ya mwenye gari

Alivyonieleza ni hivi. Barabara kuu gari halina neno. Kutoka Morogoro mpaka Kibaha mshale wa joto unatulia chini ya nusu, hata ukikimbia, hata jua likiwa la utosi. Likiingia foleni ya jioni pale Buguruni mshale unaanza kupanda. Likisimama muda mrefu, maji yanatokota kwenye chupa ya akiba na kumwagika chini. Foleni ikifunguka na gari likapata upepo, mshale unarudi wenyewe kama vile hakuna kilichotokea.

Akaongeza jambo moja ambalo alilisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa alishachekwa nalo. "Kaka, sijui utanielewaje. Nikiwasha AC, mshale unashuka."

Fundi wa gereji ya pili alimwambia hilo haliwezekani, AC inaiongezea injini mzigo, kwa hiyo gari linalochemsha ni lazima uzime AC. Ushauri huo kwa kawaida ni sahihi. Lakini mteja hakuwa anatoa nadharia, alikuwa anaeleza alichokiona kwa macho yake kwenye dashibodi. Mimi huwa naona mteja anaposema jambo linalopingana na ninachokijua, hapo ndipo pa kusimama, maana hana sababu ya kulitunga.

Sasa zitazame dalili hizo mbili kabla ya kushika spana. Rejeta haipozi maji kwa uchawi, inapozwa na hewa inayopita katikati ya mapezi yake. Gari likiwa kwenye mwendo hewa inakuja yenyewe kwa mbele, na feni haina kazi kubwa. Gari likisimama, hewa pekee ni ile inayovutwa na feni. Gari linalotulia barabara kuu na kuchemsha foleni linakuambia kwamba rejeta inapitisha maji, pampu inasukuma, ila hewa haipatikani linaposimama. Kama rejeta ingekuwa imeziba au pampu imechoka, taabu ingeonekana zaidi kwenye mlima na mwendo wa kasi, pale injini inapotoa joto jingi. Gari la namna hiyo lingeangukia kwenye mlima wa Kitonga, si kwenye foleni ya Buguruni.

AC nayo inasema lilelile kwa lugha nyingine. Ukiiwasha, gari linaamrisha feni zizunguke ili kuipoza kondensa (rejeta ya AC), bila kusubiri joto la maji. Mshale ukishuka kwa sababu ya AC, maana yake motor za feni zina nguvu na rejeta inapokea hewa. Amri ya kuzungusha feni ikitoka upande wa AC inafika. Je, ikitoka upande wa joto la maji?

Hapo msomaji atasema: hata mtoto angekwenda kwenye feni. Kweli, na mafundi wote watatu walikwenda. Walifungua boneti asubuhi, wakapiga stata, feni ikazunguka. Wakasema feni nzima, wakahamia kwingine.

Walikohamia

Gereji ya kwanza iliifungua rejeta na kuisafisha. Ilitoka kutu kiasi, jambo la kawaida kwa gari la umri huo lililonyweshwa maji ya bomba. Kazi haikuwa mbaya, ila haikugusa tatizo.

Gereji ya pili iliitoa thamostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, na kuitupa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ni desturi iliyoota mizizi kwetu, na hoja yake inasikika vizuri: thamostati ni ya nchi za baridi, huku kwetu joto lipo tayari, itoe ili maji yapite bila kizuizi. Nimeisikia Dar, nimeisikia Mombasa, na nimeisikia kwa watu wenye miaka mingi ya kazi ninaowaheshimu. Bado nasema si kweli.

Injini haijui kama nje ni Tanga au Sapporo ya Japani kwenye theluji. Inataka maji yake yawe kwenye joto fulani, na kwa Corolla hii thamostati inaanza kufunguka kati ya 80°C na 84°C. Hakuna mji wa Afrika Mashariki wenye joto linaloikaribia hiyo. Zaidi ya hapo, thamostati ya injini hii haina kazi moja tu. Imekaa upande maji yanaporudi kutoka kwenye rejeta, na ina vali mbili kwenye mhimili mmoja unaosukumwa na nta inayotanuka kwa joto. Moja inafungua njia ya rejeta. Nyingine, wakati huohuo, inaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye pampu bila kupitia rejeta. Ukiitoa thamostati, njia ya rejeta inabaki wazi, sawa, lakini na njia ya mkato inabaki wazi. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupozwa hata kidogo. Ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Toyota vinaonya waziwazi: usiitoe thamostati hata kama injini inaelekea kuchemsha, maana uwezo wa kupoza unapungua.

Mwalimu alipata hasara ya pili asiyoitarajia: mafuta. Injini ilichelewa kupata moto, kompyuta ikaendelea kusoma kwamba iko baridi na kumimina petroli ya kuamshia injini baridi. Yeye alidhani petroli imechakachuliwa.

Gereji ya tatu ilipoona rejeta safi, thamostati hakuna, pampu haivuji, belti imekaza na feni inazunguka, ikabakiwa na jibu moja, gasketi ya hedi. Ushahidi wake ulikuwa maji kurushwa kwenye chupa ya akiba. Lakini maji yaliyochemka hurushwa vilevile. Hicho ni kielelezo cha joto, si cha gasketi.

Ukaguzi

Tulianza asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Hili ni la lazima kwa usalama, kwa sababu mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi. Mfumo ukiwa na shinikizo la takribani bar 0.9 juu ya hewa ya nje, maji yanaweza kufika karibu 119°C bila kuchemka. Ukiufungua mfuniko, shinikizo linaondoka, na maji hayo yanageuka mvuke mara moja usoni mwako. Watu wengi wameungua kifua na uso kwa haraka hiyo.

Nilianza na gasketi ya hedi, ili Mwalimu apumue. Kijiti cha oili kilitoka safi, hakuna rangi ya maziwa ya chai. Chini ya mfuniko wa oili nako safi. Tukajaza rejeta, tukaacha mfuniko wazi, tukawasha injini ikiwa baridi. Gasketi inayopitisha gesi ya mlipuko ingetoa mapovu yasiyokwisha, na hosi ya juu ingekuwa ngumu kama jiwe mara tu baada ya kufunga mfuniko, kabla maji hayajapata moto. Maji yalitulia, hosi ilikuwa laini. Moshi wa egzosi haukuwa mweupe wala hauna harufu ya utamu. Vipimo hivi si vya maabara na gasketi inaweza kuvuja kwa siri, lakini hakuna hata kimoja kilichoinyooshea kidole. Kufungua injini kwa ushahidi wa namna ile ilikuwa kubahatisha kwa pesa ya mtu mwingine.

Halafu likaja lile lililokuwa wazi mbele ya kila mtu. Nilizima injini, nikasubiri, nikarudisha ufunguo kwenye ON bila kupiga stata. Feni ikazunguka papo hapo.

Nikamuuliza, "Mwalimu, huwa inazunguka hivi kila asubuhi?"

"Tangu napiga stata, kaka. Feni haina shida, hata wenzako waliisifia."

"Na zamani, kabla haijaanza kuchemsha?"

Alinyamaza. Hakukumbuka kuisikia feni asubuhi miaka ya nyuma.

Nilikuwa na mkono kwenye rejeta na ilikuwa baridi. Feni ya umeme ipo kwa ajili ya maji ya moto. Kwa nini izunguke maji yakiwa kwenye joto la uani, AC ikiwa imezimwa? Mafundi watatu walikiona kitendo hiki wakakisoma kuwa ni dalili ya uzima. Mimi nilikiona kuwa ni dalili ya kwanza ya ugonjwa, kwa sababu nafahamu mpangilio wa feni wa gari hili, na lazima nieleze hapa maana bila huo kisa hakieleweki.

Jinsi feni ya Corolla 100 inavyoamrishwa

Katika magari mengi mtu anategemea hivi: maji yakipata moto, swichi ya joto inaunganisha umeme, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inaamka, feni inazunguka. Toyota za kizazi hiki zimepangwa kinyume. Rilei ya feni ikiwa imelala, yaani haina umeme kwenye koili yake, ndipo feni inazunguka. Rilei ikiamka, feni inasimama. Swichi ya joto, ambayo mafundi huiita sensa ya feni, ndiyo inayoipa rilei njia ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Maji yakiwa baridi swichi imeunganisha, rilei iko macho, feni imesimama. Maji yakifika karibu 93°C swichi inakata, rilei inalala, feni inazunguka. Yakishuka mpaka karibu 83°C swichi inaunganisha tena na feni inasimama.

Kwa nini wajisumbue kugeuza? Kwa sababu waya za gari hukatika, plagi hupata kutu, swichi hufa. Katika mpangilio huu, waya ukikatika feni inazunguka muda wote. Utasikia kelele na betri itafanya kazi zaidi, lakini injini haitaungua. Hitilafu imeelekezwa upande wenye hasara ndogo. Ni ubunifu mzuri sana, na fundi asiyeujua anaweza kuuharibu kwa kazi safi kabisa.

Kwa hiyo feni inayozunguka asubuhi ina maana njia ya swichi imekatika mahali. Lakini kama ni waya uliokatika au swichi iliyokufa, feni ingezunguka na wakati wa moto pia, na gari lisingechemsha. Mambo hayo mawili hayakai pamoja, isipokuwa swichi inafanya kazi yake kwa kugeuka: inakata kwenye ubaridi, inaunganisha kwenye moto.

Hapo ndipo nilipomuuliza Mwalimu swali ambalo lingefaa kuulizwa gereji ya kwanza. Kabla gari halijachemsha mara ya kwanza, kitu gani cha mwisho kilichoguswa kwenye mfumo wa maji? Akasema hakuna. Akafikiri. "Labda ile sensa iliyokuwa inavuja. Lakini hiyo ilikuwa Morogoro, zamani kidogo, na ikaisha vizuri."

Swichi ya zamani ilikuwa inadondosha maji, fundi wa Morogoro akaibadilisha. Kwa kuwa Mwalimu pale Morogoro anakwenda shule na sokoni, mwendo mfupi usio na foleni ya maana, gari halikupata nafasi ya kuchemsha. Lilichemsha mara ya kwanza alipolipeleka Dar. Kwa hiyo akilini mwake lawama ikaiangukia safari ndefu, swichi ikasahaulika. Watu tunaunganisha ugonjwa na siku ulipoonekana, na mara nyingi uliingia kabla.

Kuthibitisha

Dhana nzuri isiyopimwa ni sawa na ile ya gasketi. Tuliliacha gari likiunguruma uani, AC imezimwa. Bila thamostati lilichukua muda mrefu kupata moto, huku feni ikipuliza bila kazi. Mshale ukapanda polepole, ukafika mahali pake pa kawaida, ukaanza kupapita. Feni ikasimama.

Ilisimama wakati ambapo ilitakiwa ianze. Ndugu yake Mwalimu, aliyekuwa akitazama kwa mbali, alisogea karibu hapo.

Nikachomoa plagi ya swichi, iliyo karibu na nyumba ya thamostati. Feni ikanguruma. Nikairudisha, ikasimama. Nikachomoa tena, ikazunguka, na mara hii nikaiacha hivyo mpaka mshale ukashuka. Mikono na nguo zikae mbali na feni wakati wa majaribio haya. Feni ya umeme haipigi hodi.

Gari lilipopoa kabisa tuliitoa swichi na kuipima jikoni, kwenye sufuria kuukuu, mita ikiwa imewekwa kwenye alama ya mlio na kipimajoto kikining'inia ndani ya maji bila kugusa chini. Baridi, mita kimya. Maji yalipokaribia kuchemka, mita ikalia. Swichi nzima kabisa, ya gari jingine. Uzi wake unafanana, plagi inaingia, haivuji. Fundi wa Morogoro aliifunga, akazungusha ufunguo, akaona feni inaruka mara moja, na yeye na mteja wake wakafurahi. Simlaumu sana. Muuza spea alimpa kinachoingia kwenye tundu, na majaribio aliyoyafanya yalimpa jibu lililofanana na mafanikio.

Ukiwa na simtanki nyumbani yenye flouti (swichi inayoelea) ya waya tatu unaijua hali hii. Flouti ileile, ukichukua waya usio wake, pampu inawaka tanki likiwa limejaa na kuzima likiwa tupu. Flouti si mbovu, na kila ukiipima peke yake itaonekana inafanya kazi.

Onyo moja kwa wanaotaka kurudia jaribio la sufuria. Dar maji yanachemka karibu 100°C, hivyo swichi ya 93°C utaiona ikigeuka bila shida. Ukiwa Nairobi au Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yanachemka karibu 94°C, na swichi nzima inaweza kukawia mpaka ukaitupa bure. Huko ongeza kulanti, dawa ya maji ya rejeta, kwenye maji ya kupimia ili kiwango cha kuchemka kipande, na sufuria hiyo isirudi tena kwenye chakula. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu. Mbwa na watoto huifuata.

Matengenezo

Kununua swichi sahihi kulikuwa kazi ya Kariakoo, na nilikwenda na mita mfukoni. Muuza duka alileta aina mbili zenye sura moja, akasema zote za Toyota. Kwenye joto la dukani, iliyo sahihi kwa Corolla 100 lazima ipitishe umeme, mita ilie. Moja ililia, nyingine ikanyamaza. Jaribio hilo halichukui hata muda wa kuhesabu chenji, na ndilo lingeokoa safari yote ya Mwalimu. Iliyolia tuliipitisha pia kwenye sufuria kabla ya kuifunga, ikakata pale ilipotakiwa.

Thamostati ilirudi mahali pake, mpya, yenye alama ya 82, na mpira wake mpya. Ina kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza. Hicho hukaa upande wa juu ili hewa iliyonaswa ipite. Niliipima nayo kwa kuining'iniza kwenye maji ya moto kwa uzi. Thamostati mpya inayogoma kufunguka si jambo geni, na ndiyo inayowafanya watu waamini kwamba thamostati zote ni maadui.

Maji tuliyomwaga hatukuyarudisha. Mfumo huu unachukua lita kati ya 5 na 6, tukaweka kulanti iliyochanganywa tayari. Anayechanganya mwenyewe atumie maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, ahakikishe ni maji na si asidi. Ya kisima hapana. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi kwenye hedi ya alumini na rejeta ni kutu ya kujitakia. Tukajaza polepole, hita ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, mfuniko wazi, injini ikiunguruma mpaka hewa ikaisha kutoka na kiwango kikaacha kushuka.

Swali ambalo Mwalimu aliliuliza, na nadhani wengi wangeuliza: kwa nini tusiipige feni dairekti, izunguke muda wote, mambo yaishe? Kwa gari hili dairekti ni rahisi kuliko yote, unachomoa plagi ya swichi basi. Na ukikwama foleni na feni imesimama, fanya hivyo hivyo, urudi nyumbani salama. Kama thamostati ipo, injini haitapozwa kupita kiasi. Lakini motor ya feni ina brashi zinazolika. Ikizunguka safari nzima, barabara kuu mahali isipohitajika, itachoka mapema, na siku itakapokufa hutakuwa na dalili yoyote ya kukuonya ila mshale. Swichi inauzwa kwa pesa ndogo kuliko motor.

Nisisitize pia kwamba mpangilio huu usiuhamishie kila gari. Kwenye magari mengi ya Ulaya ya zamani swichi inaunganisha kwa moto, na kuchomoa plagi hakutazungusha chochote. Magari mapya hayana swichi kabisa. Kompyuta inasoma sensa ya joto na kuamrisha feni yenyewe. Kabla ya kuamua kama feni ni nzima, jua kwanza gari lako linataka izunguke wakati gani.

Baada ya hapo

Ufunguo ON, injini baridi: kimya. Mwalimu alishtuka, akadhani tumeiua feni. Tukawasha, mshale ukafika mahali pake upesi kuliko ulivyozoea, ukatulia. Muda ukapita, feni ikaamka, ikafanya kazi, ikalala. Ikarudia. Jioni tulilipeleka Buguruni makusudi, tukakaa kwenye msongamano wa daladala na malori ya bandarini, AC imezimwa na vioo vimeshushwa, tukisikiliza feni inavyoingia na kutoka. Mshale haukupita nusu.

Kuna jambo ambalo sikuweza kumwondolea Mwalimu siku ile. Gari lililochemsha mara kadhaa huenda limejeruhiwa. Bloku ya injini hii ni ya chuma na hedi ni ya alumini. Alumini hutanuka zaidi kwa joto, na hedi iliyopata moto kupita kiasi inaweza kupinda kidogo na kuanza kuvuja wiki kadhaa mbele. Nilimwomba atazame kiwango cha maji kwenye rejeta kila asubuhi kabla ya kuwasha, si kwenye chupa ya akiba peke yake, na achore alama kwenye chupa.

Wiki ya kwanza maji yalipungua kidogo. Akapiga simu akiwa na hofu ileile ya gasketi. Ilikuwa klipu ya hosi ya chini, iliyofungwa vibaya na gereji iliyosafisha rejeta. Alama nyeupe za maji yaliyokauka zilionekana chini yake. Aliikaza mwenyewe kwa bisibisi, akanitumia picha. Tangu hapo kiwango hakijashuka, na petroli inamfikisha mbali zaidi ya ilivyokuwa thamostati ilipokuwa jalalani.

Swichi iliyotolewa ninayo. Nimeifunga karatasi na kuiandika "inaunganisha ikipata moto", ikisubiri gari linaloihitaji.